Land Rover 109 ya petroli: nataka kupunguza pampu, filta na mipira ya mafuta. Nianze na kipi?

MwalimuWaSoni

Wakuu, habari za saa hizi. Wazee wangu mliomo humu, shikamooni.

Nina Land Rover Series III, ile ndefu ya 109, bodi ya bati mpaka nyuma, injini ya petroli ya 2286 cc. Gari ni la marehemu baba. Alilinunua kwenye mnada wa serikali mwaka 1994, limechoka lakini linatembea, na kuanzia hapo ndilo lililoshusha kabichi zetu Mombo, ndilo lililompeleka mama hospitali usiku wa mvua, ndilo lililombeba baba mwenyewe siku tulipomrudisha nyumbani kumzika. Nalisema hili mapema ili asitokee wa kunishauri niliuze au niweke injini ya dizeli. Nataka liwe kama lilivyokuwa.

Shida yenyewe ni mlima. Wanaoijua barabara ya Mombo kwenda Lushoto wanaelewa: ni kilometa 33 hivi za lami, lakini unatoka kwenye joto la tambarare ukipanda kona juu ya kona hadi karibu mita 1,400. Gari likiwa tupu asubuhi linapanda. Likiwa na mzigo mchana, nikishaacha nyumba za mwisho za Mombo na kuingia kona za kwanza, linaanza kukohoa, linakosa nguvu, linazima. Nasubiri nusu saa boneti ikiwa wazi, linawaka, linakwenda kona nne au tano, linazima tena. Barabara ya Korogwe kwenda Tanga halinisumbui hata kidogo.

Jumamosi nililala chini ya gari na daftari, nikayafuata mafuta kutoka kwenye tangi hadi kwenye kabureta, pale petroli inapochanganywa na hewa, nikachora kila nilichokiona. Matangi ni mawili, moja chini ya kiti cha dereva na jingine chini ya kiti cha abiria. La abiria halijatiwa mafuta tangu baba afariki. Yote mawili yanaingia kwenye koki iliyopo mbele ya boksi la viti, ile ya kuchagua tangi. Kutoka kwenye koki kuna mpira mweusi, kisha filta ya plastiki, kisha pampu ya umeme iliyofungwa kwenye chasi, kama shibiri moja kutoka kwenye bomba la eksozi. Baada ya hapo mrija wa plastiki unaoonyesha ndani, filta ya pili, halafu mafuta yanaingia kwenye pampu ya zamani ya injini, ile yenye kikombe cha kioo, ambayo fundi aliyeweka ya umeme aliiacha palepale. Yakitoka humo yanapita filta ya tatu, ndipo yanafika kwenye kabureta, Zenith. Vibano nimehesabu 14.

Fundi wa mjini ameniambia dawa ni pampu yenye nguvu zaidi, kifaa cha kupunguza presha, na kabureta ya pikapu ya Kijapani. Nilipoutazama ule mchoro wangu roho ilikataa. Vitu tayari ni vingi mno kwa gari ambalo lilitoka kiwandani na pampu moja. Naomba mnisaidie: nitoe nini, nibakize nini, na nianze na kipi?

Chuma_Tanga

Pole mkuu. Mimi ningechukua pampu ya tangini ya gari la EFI, yale yasiyo na kabureta, hata iliyotumika, zinapatikana kila duka la spea. Ile inasukuma mafuta mpaka unayasikia. Mlima utausahau.

FundiMstaafu_Arusha

Marahaba mwalimu, na pole kwa kuondokewa na mzee. Umeandika vizuri. Mteja anayekuja na mchoro ananirahisishia nusu ya kazi.

Kwanza kijana wa Tanga, nakupinga kwa nia njema, maana mtu akikusikiliza anaweza kuungua. Pampu ya EFI inasukuma kwa presha ya karibu baa 3. Kabureta ya Land Rover inataka kama baa 0.2 tu. Kinachoyazuia mafuta yasifurike ni sindano ndogo juu ya floti, yaani boya la ndani ya kabureta, na sindano hiyo haiwezi kushindana na baa 3. Petroli itafurika na kumwagika, na katika injini hii kabureta imekaa juu ya manifoldi, bomba la kuingizia hewa na petroli kwenye injini, ambayo upande wake wa chini umeshikana na eksozi. Tafadhali usiweke.

Sasa mwalimu. Nimeshika spana tangu 1979, na miaka yangu ya mwanzo yote niliimaliza kwenye karakana ya magari ya porini, Land Rover hizihizi. Nilichojifunza ni kwamba kabla hujagusa bomba hata moja, uhakikishe kuwa ugonjwa ni mafuta kweli. Koili iliyochoka au kondensa mbovu, vifaa vya umeme wa cheche, inafanya jambo lilelile unalolieleza: ikipata moto inakufa, ikipoa inafufuka. Nimeona watu wamebadilisha kabureta mbili kwa sababu ya kondensa.

Kwa hiyo siku litakapozima tena, usikae kusubiri. Una dakika mbili za kufanya kazi. Zima swichi, toa kiwiko cha hewa kilicho juu ya kabureta, chungulia kooni, halafu sukuma mkono wa akseleta kwa kidole. Lazima uone petroli ikiruka kama mkojo wa mtoto, mstari mwembamba. Ukiuona, basi bakuli la kabureta lina mafuta na mlima huo hauhusiani na pampu; nenda kwenye umeme wa cheche. Chomoa waya wa katikati ya distribyuta, usogeze karibu na chuma cha injini mbali na kabureta, mtu apige stata, utazame cheche. Lakini ukichungulia ukakuta pakavu, basi ni mafuta, na tuendelee. Ukimaliza kuchungulia, fungua mfuniko wa tangi polepole na usikilize. Ukisikia tangi linavuta pumzi, tundu la mfuniko limeziba. Hilo pekee linaweza kuzima gari lolote.

Tuseme ni mafuta. Nataka uelewe kwa nini mchoro wako unanitia wasiwasi, maana ukielewa hutahitaji mtu wa kukuambia utoe nini.

Bomba la mafuta lina pande mbili. Kutoka tangini hadi kwenye pampu ni upande wa kuvuta. Kutoka kwenye pampu hadi kwenye kabureta ni upande wa kusukuma. Kiungo kikilegea upande wa kusukuma, petroli inadondoka, unaiona, unainusa, unakaza. Kiungo kikilegea upande wa kuvuta hakidondoshi hata tone. Kinavuta hewa. Utapitisha kitambaa cheupe kila mahali na kitabaki cheupe. Tena petroli ikivutwa presha yake inashuka, na kitu chochote cha majimaji presha ikishuka kinachemka mapema. Ongeza joto la eksozi, ongeza mwinuko, unapata mapovu ndani ya bomba, na pampu haiwezi kuvuta mapovu kama inavyovuta mafuta. Kila filta, kila koki na kila kipande cha mpira unachoongeza upande wa kuvuta ni mlango mpya wa hewa na kizuizi kipya kwa petroli.

Pampu ya umeme ya kabureta ni hodari wa kusukuma na dhaifu wa kuvuta. Mahali pake ni chini, karibu na tangi. Yako imefungwa kando ya eksozi, baada ya koki na filta, yaani wamempa mpishi kazi ya kuchota maji kisimani halafu wakamweka jikoni ndani ya moshi.

Na kuna la hatari zaidi. Ile pampu ya injini iliyoachwa njiani ina diaframu ya mpira, yaani utando unaopanda na kushuka ili kuvuta petroli. Chini ya diaframu ni mkono unaogusa kamshafti, ule mhimili wenye nundu ndani ya injini, na chini ya hapo ni oili ya injini. Diaframu ikichanika, pampu ya umeme itaisukuma petroli ndani ya oili. Leo jioni, kabla hujala, chomoa dipstiki. Kama oili imepanda juu ya alama au inanuka petroli, usiliwashe tena gari mpaka umwage oili yote. Petroli inaifanya oili iwe maji, na beringi za injini hii hazitakusamehe.

Mfumo wake wa asili ni huu, wote: tangi, bomba, pampu ya injini yenye kikombe chake, bomba, kabureta. Kile kikombe cha kioo ndicho kichujio. Kuna wavu juu yake na uchafu na maji vinatulia chini ukiviona kwa macho. Kama petroli ya vituo vya huko ina uchafu, ongeza filta moja tu, na uiweke baada ya pampu, upande wa kusukuma, ili ikivuja uione.

Utoe kwa mpangilio huu. Tangi la abiria kwanza, na koki yake. Unganisha tangi la dereva moja kwa moja na pampu ya injini, bila kitu katikati. Tangi moja linabeba lita 45 hivi, zinakutosha kwenda Tanga. Kisha pampu ya umeme, waya wake uutoe mpaka kwenye fyuzi, usiuache unaning'inia. Kisha ile mirija ya plastiki, yote. Plastiki hiyo ikipigwa na joto inakuwa ngumu kama mfupa, inapasuka kwenye kibano. Nunua mpira wa petroli wenye maandishi ya petroli ubavuni, usikubali mpira wa maji hata muuzaji akiapa.

Pampu ya injini ifungue, weka diaframu mpya, valvu zake mbili na gasketi. Ukiirudisha, tumia ule mkono mdogo wa chini kuijaza kwa kupampu. Ukihisi mkono ni mlegevu, haufanyi kazi, usidhani umekosea; nundu ya kamshafti imeusukuma mkono wa ndani. Zungusha injini kidogo ujaribu tena.

Kabureta ya Kijapani achana nayo. Inahitaji bamba la kuunganishia, inahitaji ubadilishe mikono ya akseleta, na jeti zake, vile vitundu vya kupimia petroli, zimepimwa kwa injini nyingine. Hapo unaongeza, na wewe umekuja kupunguza. Zenith 36 IV ni kabureta nzuri. Kinachoiumiza ni miaka ya joto na mafundi kukaza skrubu za juu kwa nguvu mpaka mfuniko unapinda. Weka rula ya chuma juu ya uso wake, tazama mwanga. Ikiwa umepinda, lainisha juu ya kioo cha dirisha na msasa laini, na ubadilishe ile pete ndogo ya mpira iliyo ndani. Ikishindikana kabisa, Weber 34 ICH inaingia. Ina sehemu chache, ila jeti yake ya sailensa, injini ikiwaka bila kukanyaga akseleta, ni ndogo na uchafu kidogo tu unaiziba.

Fanya kitu kimoja, jaribu, andika kwenye daftari lako. Usibadilishe vitu vinne kwa siku moja, hutajua kipi kilikuponya.

Nanyuki_Series

Mzee, heshima zako. Nimesoma hiyo maelezo mara mbili na nimeihifadhi.

Ila naomba kuongeza upande wa pili. Mimi niko na Series III fupi hapa Nanyuki, karibu mita 1,950 juu, na tukishuka Isiolo joto ni ile ya jangwa. Pampu ya injini ilinisumbua miaka miwili. Nikiiegesha saa sita mchana, nikirudi haiwaki. Hatimaye niliitoa, nikafunga kile kibati cha kuziba tundu lake, nikaweka pampu moja ya umeme ya presha ndogo, chini kabisa kwa chasi kando ya tangi, mbali na eksozi. Waya wake unapitia swichi ya presha ya oili, ndio injini ikizima pampu pia inazima, hata kama swichi ya funguo imebaki wazi. Hiyo sehemu naomba watu wasiiruke. Gari ikipinduka na pampu iendelee kusukuma petroli kwa bomba lililokatika, hakuna wa kukuokoa.

Sasa ni mwaka wa sita na haijanisumbua. Kwa hivyo pampu ya umeme kwangu si adui. Ni mahali imewekwa.

Swali kwa mwalimu: ukiwa barabara ya Tanga, tangi huwa imejaa kuliko ukiwa unapanda Soni, huko kati ya Mombo na Lushoto? Nauliza kwa sababu.

FundiMstaafu_Arusha

Ndugu wa Nanyuki, nakubaliana nawe bila kinyongo. Yako ni pampu moja, iko chini, inasukuma, na ya zamani umeiondoa. Hiyo nayo ni kurahisisha. Kosa ni pampu mbili kwenye njia moja, kila moja ikisubiri mwenzake aharibike. Mwalimu nilimpeleka kwenye ya injini kwa sababu anataka gari la baba yake lirudi kama lilivyokuwa, na kwa sababu pampu ile ikichoka inakuonya kwa wiki kadhaa. Ya umeme inakufa ghafla.

Na swali lako kuhusu tangi ni la fundi. Mwalimu ajibu.

MwalimuWaSoni

Wazee wangu, nimechelewa kurudi kwa sababu shule zilikuwa na mitihani. Nitaeleza kama nilivyoyaandika kwenye daftari.

Dipstiki niliichomoa usiku uleule. Oili ilikuwa imepita alama ya juu kwa upana wa kidole na inanuka petroli waziwazi. Nilikaa chini pale kwenye ngazi za nyumba nikafikiria ni mara ngapi nimelipandisha mlima likiwa hivyo, na watoto wamo ndani. Kesho yake nilimwaga oili yote na kubadilisha filta yake. Mzee, kwa sentensi ile moja tu, Mungu akulipe.

Kisha nilitaka nijue ugonjwa kabla ya kutibu, kama ulivyosema. Nilitia oili mpya, nikaipita pampu ya injini kwa kipande cha mpira ili isimwage tena petroli ndani, nikashuka Mombo saa nane mchana na mwanangu mkubwa. Kona ya tano likazima. Nilitoa kiwiko, nikachungulia, nikasukuma mkono wa akseleta: pakavu. Cheche ilikuwa ya bluu na nene. Mfuniko wa tangi niliufungua, haukuvuta pumzi. Basi ni mafuta.

Ndugu wa Nanyuki, ndiyo. Nikienda Tanga huwa najaza Korogwe. Nikipanda nyumbani huwa ni mwisho wa safari, tangi likiwa na robo au chini ya hapo. Sikuwahi kulihusisha na kuzima, mpaka ulipouliza.

Nilianza na koki. Nilipoifungua nilikuta mpira wa ndani umeliwa, umebaki kama ukingo wa biskuti. Nikapuliza kwa mdomo tundu la tangi la dereva huku koki ikiwa imeelekezwa kwa dereva, na hewa ikatokea kwenye tundu la tangi la abiria. Yaani miaka yote hii pampu ilikuwa inavuta petroli kidogo kutoka tangi la dereva na hewa kutoka tangi tupu la abiria. Gari lilikuwa linakunywa kwa mrija uliotoboka.

Nilitoa koki, nikaziba tangi la abiria, nikaunganisha la dereva moja kwa moja. Nikajaribu mlima kwa hatua hiyo moja peke yake, na pampu ya umeme ikiwa bado ipo. Lilifika karibu nusu ya njia ya Soni ndipo likazima. Nafuu kubwa, lakini kupona bado. Nikaweka mkono karibu na pampu ya umeme, sikuweza kuishika kwa moto.

Wiki iliyofuata niliiondoa pampu hiyo na waya wake wote. Diaframu ya pampu ya injini nilikuta ina mpasuko wa urefu wa punje ya mchele. Seti ya kurekebishia niliipata Moshi kwa kumwagiza dereva wa basi. Kikombe cha kioo nilikiosha. Chini yake kulikuwa na maji, kutu na bawa la mdudu. Wavu ulikuwa mzima.

Zenith nayo niliifungua mezani sebuleni, mke wangu akaniazima kioo cha fremu ya picha. Rula ilionyesha mwanga katikati ya mfuniko. Nililaza msasa namba 400 juu ya kioo, nikatia mafuta ya taa, nikazungusha mfuniko kwa mwendo wa namba nane, pole pole, usiku mbili. Mwanangu alikuwa ananipangia jeti kwenye trei ya mayai, kila moja na karatasi yake ya jina. Platini, zile ncha za ndani ya distribyuta, nilizipima upya, milimita 0.38, plagi 0.75, na valvu zote nane inchi 0.010 kama kitabu kinavyosema.

Sasa vibano ni sita. Mchoro wangu mpya unaingia kwenye mistari mitatu ya daftari.

Jana nilipakia mifuko 12 ya saruji Mombo, saa nane mchana, jua kali kiasi cha lami kung'aa. Nilisali kabla ya kuwasha. Kona ya tano ikapita. Ile sehemu ambapo huwa napaki kusubiri, pana jiwe ambalo baba alikuwa analiweka nyuma ya tairi, nikalipita gia ya pili likivuta bila kumisi. Soni sikusimama. Nilifika Lushoto, nikashusha mzigo, nikatoa plagi moja kutazama: rangi ya kahawia nyepesi, kama chai ya maziwa. Mama alikuwa barazani nilipokuwa narudi, akasema amelijua gari kwa mlio kabla hajaliona.

Limebaki jambo moja. Nikilizima likiwa la moto, nikiliacha dakika kumi hivi, kuwasha ni shida. Stata inazunguka muda mrefu, harufu ya petroli inapanda, ndipo linawaka na moshi mweusi kidogo. Likiwa baridi kabisa au likiwa ndiyo kwanza limezimwa, linawaka mara moja. Je, nimekosea mahali?

Chuma_Tanga

Mwalimu hongera sana. Na mzee wa Arusha, asante kwa kunirekebisha bila kuniaibisha. Ile pampu ya EFI nilikuwa nimemshauri na shemeji yangu mwenye Datsun. Nimempigia simu jana, ameitoa.

Nanyuki_Series

Mwalimu, nimefurahi kweli. Hiyo koki wengi wako nayo na hawajui. Tangi ikiwa imejaa, uzito wa mafuta unasaidia pampu na hewa inapata nafasi ndogo. Tangi ikipungua, na injini inataka mafuta mingi kwa sababu ya mlima, hewa ndiyo inashinda. Barabara tambarare injini inatumia kidogo, bakuli la kabureta halikauki. Ndio maana Tanga ulikuwa unafika.

FundiMstaafu_Arusha

Mwalimu, umefanya kazi ambayo gereji nyingi wasingeifanya, na umeifanya kwa mpangilio. Nimemsomea mke wangu ile sehemu ya jiwe la mzee.

Hilo la kuwasha likiwa la moto hujakosea. Ukizima injini, feni inasimama na maji hayazunguki, lakini manifoldi bado ni ya moto. Joto linapanda kwenye kabureta, petroli ya kwenye bakuli inachemka, mvuke wake unaingia kooni. Ukija kuwasha, injini imejaa petroli kuliko hewa, ndiyo harufu na moshi mweusi unaouona. Usivute choki, na usipige akseleta mara kwa mara, maana kila pigo linaongeza petroli. Kandamiza akseleta mpaka nusu, ushikilie hapohapo, upige stata. Likishika, achia taratibu.

Kisha tazama kati ya kabureta na manifoldi. Lazima pawe na kipande kinene cha kuzuia joto, sio gasketi ya karatasi peke yake. Mafundi wengi hukitupa kikipasuka. Kama hakipo, ndicho unachokitafuta. Na lile bomba jipya linalotoka kwenye pampu kwenda kabureta, lipitishe mbali na eksozi, na lisiguse hata kichwa cha injini. Acha upana wa vidole viwili na ulifunge kwa klipu lisicheze.

Vibano vyote sita vikaze tena baada ya kilometa 200, mpira mpya huwa unalegea kidogo ukishazoea joto. Na oili hii uliyoweka imwage mapema, baada ya kilometa 500, kwa sababu petroli iliyobaki kwenye njia za oili bado inatoka. Chomoa dipstiki kila Jumamosi mpaka mwisho wa mwezi, unuse, uniambie.